Kitambaa cha Kaboni na Uongo Nilioandika Daftarini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, fundi wa tanuri katika maabara ya betri, mwaka wa kumi na moja huu, si msomi, ninachojua nimekijua kwa kushika, na bosi wetu tunayemwita Daktari ananiamini kuliko anavyoiamini saa yake.

Kazi yetu ni lithiamu, metali laini unayoweza kuikata kwa kisu kama sabuni. Betri ya lithiamu tupu hubeba nguvu nyingi kuliko hizi za simu, lakini ina balaa moja: ukiichaji, lithiamu haitulii sawasawa juu ya karatasi ya shaba inayoipokea, inaota miiba. Nimeiona kwenye hadubini, nyuzi za rangi ya fedha zinachipuka kimya kimya hadi zinatoboa utando unaotenganisha pande mbili za betri, hapo ni shoti, na shoti ni moto. Mwenzetu mmoja ana kovu kutoka kidoleni hadi kwenye kiwiko. Ndiyo maana tunaitafutia lithiamu nyumba. Nachukua kitambaa cha pamba, nakiosha kwa asidi nyepesi, nakianika kwenye trei ya kioo, kisha nakioka pasipo hewa hadi kinabaki kaboni tupu, cheusi, chepesi, chenye vijumba visivyohesabika ambamo lithiamu iingie ikae.

Siku moja trei ya kioo iliniponyoka ikapasuka. Niliona aibu kusema, nikachukua trei ya bati iliyokuwa chini ya sinki, nikaacha kitambaa humo na asidi yake, kesho yake nikakuta bati limefanya weupe weupe, nikapuuza, nikaoka, na daftarini nikaandika "trei ya kioo".

Betri za vitambaa vya nyuma zilikuwa zinakufa kabla ya kuchajiwa mara mia. Betri ya kitambaa hiki ilipita mia tatu, ikapita mia saba. Daktari alipoifungua alituita tuangalie kwenye hadubini mmoja mmoja, mimi nikawa wa mwisho. Mshauri, sijui nikueleze vipi. Hakukuwa na mwiba hata mmoja. Lithiamu ilikuwa imeingia ndani ya kile kitambaa ikaukumbatia kila uzi, imelala laini, inang'aa. Mara mia saba imeingia na kutoka, na nyumba yake haijavimba wala kupasuka. Nimeoka mamia ya vitambaa, lakini siku ile nilihisi nimesimama mahali ambapo ningepaswa kuvua viatu.

Kisha furaha ikageuka. Daktari alimpa Mama Pacha, mwanafunzi wake wa uzamili mwenye pacha wanaoanza kutembea, arudie kazi ile kwa kulifuata daftari langu neno kwa neno. Amerudia mara nne, mara zote miiba. Daktari anamwambia ana mikono mizembe, na mwezi huu ukiisha bila mafanikio mradi atapewa mwingine. Juzi nilimkuta bombani ananawa machozi. Akaniuliza, "Dada, wewe ulifanyaje?" Nikamjibu nilifanya kama ilivyoandikwa. Mume wangu anasema ninyamaze, kwa umri huu nikifukuzwa nitaajiriwa na nani. Nifanyeje?

Fundi wa Tanuri

*

Dada Fundi,

Mimi sayansi niliikimbia shuleni na haikunifuata, lakini barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Pole. Trei humponyoka yeyote, na aibu ya siku ile naielewa. Ila usijidanganye kwamba umenyamaza tu. Ulipomjibu Mama Pacha ulisema uongo kwa mara ya pili, tena usoni pa mtu anayelia. Mumeo anakupenda, lakini hapa amekushauri vibaya. Halafu fikiria: maelezo yako yakisambazwa yalivyo, kuna mtu asiyekujua ataunda betri kwa kuyaamini, na shoti unaijua wewe kuliko mimi.

Basi fanya hivi. Kesho, kabla hujawasha tanuri, anza na Mama Pacha, si Daktari, kwa sababu anayeumia ni yeye. Kisha nendeni pamoja mkiwa na daftari na trei ya bati. Mstari wa uongo usiufute. Andika ukweli chini yake, tarehe ya siku unayoandika, na saini yako. Omba uoke vitambaa viwili, kimoja kwenye kioo, kingine kwenye bati, mengine yote sawasawa. Ukipewa barua ya onyo, ipokee bila kubisha. Umepewa kuona jambo ambalo wenye shahada ukutani hawajaliona, nawe umeligeuza kuwa siri ya mwizi. Lirudishe mezani, halafu uniandikie.

*

Wiki kumi baadaye aliniandikia:

Mshauri, nilikwenda. Daktari aliusoma mstari mpya, akamgeukia Mama Pacha akamwambia amemkosea. Mimi nilipewa onyo. Vitambaa viwili vikajaribiwa: cha kioo kiliota miiba, cha bati hakikuota. Daktari alitueleza kwamba asidi ilikula zinki iliyopakwa juu ya lile bati ikaacha chembe zake ndani ya kitambaa, na lithiamu inazipenda chembe hizo, inazifuata hadi ndani badala ya kurundikana juu. Vitu vidogo hivyo, jicho halivioni, na ndivyo vilivyoizuia ile miiba.

Tangu nilipomwambia ukweli, Mama Pacha hakunisalimia siku nne, na sikumlaumu. Siku ya tano nilimkuta kwenye hadubini anachaji betri ndogo yenye kitambaa cha trei ya bati na kidirisha cha kioo cha kuchungulia ndani. Bila kugeuka, alivuta kiti cha pili karibu na chake.

"Kaa hapa, dada," akasema. "Lithiamu imeanza kuingia."