Kitoweo cha Siku ya Kulima

Jumatatu, 8 Januari 1951
Chai bila sukari tena. Baba aliinywa amekunja uso, akapanda baiskeli kwenda kazini Nachingwea. Mafuta ya taa nayo nimeyapunguza. Tunakula kabla jua halijazama. Sabuni naikata vipande vinne. Tangu kaka Hamisi aachishwe kazi ya matrekta katika mradi wa karanga wa serikali, ambao unakufa, na kwenda Lindi kutafuta nyingine, tunaishi kwa mshahara wa baba peke yake. Baba alinipa kazi hii ya kuandika matumizi ya nyumba katika daftari kwa sababu nimetoka shule juzi. "Wewe ndiye umesoma. Tuonyeshe cha kuacha." Nimechoka kuonyesha.

Jumatano, 10 Januari
Jumamosi ni zamu yetu ya kulimiwa. Majirani wanane watapalilia mtama wetu, kama mama alivyowapalilia wao miaka yote. Mwaka huu mama ana mimba ya miezi minane, hawezi kuinama. Magugu yamefika magotini. Mtama ukifa tutanunua unga mwaka mzima, kwa mshahara uleule.

Mama ameomba mchele na ng'onda, samaki wakavu wanaoletwa kutoka Lindi. Nimekataa. Ugali na mlenda unatosha. Mama akauliza, "Na watu wanane watatafuna daftari lako?" Baba amekuwa upande wangu. Nilifurahi.

Jumamosi, 13 Januari
Walikuja wote. Waliimba. Saa sita niliweka masinia chini, nikakimbilia nyuma ya jiko kwa aibu. Kisha sauti ya Bi Somoe, jirani yetu wa karibu: "Haya jamani, naweni. Kumbe karanga zimekufa mpaka chunguni!" Wakacheka. Wakala matonge mawili matatu, wakaaga vizuri, wakaenda zao na majembe yao. Nusu ya shamba haijaguswa.

Jumapili, 14 Januari
Mama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 17 Januari
Siku tatu napalilia peke yangu. Matuta sita tu. Malengelenge yamepasuka. Leo nimesikia nyimbo kutoka shamba la jirani. Hawakupita kutuita. Kila mwaka hupita. Mama alikaa mlangoni asubuhi nzima akisikiliza.

Kosa ni langu.

Jumamosi, 20 Januari
Nilikoanza kupalilia magugu yameota upya. Baba amesema tununue ng'onda tuwaalike tena. Mama amekataa. "Mtu uliyemshindisha njaa humwiti. Unamfuata kwake, ukiwa na jembe." Yeye hawezi. Nimebaki mimi. Sijawahi kupiga hodi kwa watu peke yangu.

Jumatatu, 22 Januari
Sikupiga hodi. Niliingia tu katika mihogo ya Bi Somoe, nikaanza kulima. Akatoka, mikono kiunoni.

"Umetumwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Kama hukutumwa, nani kakwambia mihogo hulimwa hivyo? Utanikata mizizi yote, mwanangu. Sogea huku."

Tulilima mpaka adhuhuri. Akanipa wali na ng'onda. Nilikula nikiangalia chini.

Alhamisi, 25 Januari
Siku ya nne, shamba la nne. Mgongo si wangu. Wengine wananisalimu tu, wengine wananitania kuwa mwalimu ameshika jembe. Mlenda hakuna aliyeutaja. Leo wakati wa kuagana Bi Somoe akasema, "Jumapili tunakuja kwenu." Hakungoja nijibu.

Baba ameleta ng'onda na mchele. Mwezi huu sabuni hatutanunua kabisa. Shati lake la kazi nitalifua kwa maji ya majivu. Hili nimeliandika bila kuulizwa, na baba hakupinga.

Jumapili, 28 Januari
Walikuja sita. Wawili hawakuja. Mtama wa upande wa bondeni umeshakufa, pale wametupandia kunde. Uliobaki umesafishwa wote. Mama alikaa kwenye kigoda mwanzo wa shamba, akiwafokea wanaoacha mizizi, nao wakimwambia azae haraka aje alime mwenyewe.

Safari hii sikukimbia. Nilinawisha watu, nikakaa nao, nikala.

Wameondoka alasiri, mvua ikianza. Baba ameegemea ukuta, amefumba macho. Nimesugua masufuria kwa mchanga. Mama ananiita nimpake mafuta miguuni, imevimba.