Kangaga Zangu Zimechipua

Jumapili, Rugerero. Mvua imekatika alfajiri, tope linanukia vizuri. Nina furaha ya kitoto leo, na sababu yake ni majani.

Chini ya shamba langu, maji yanapotuama, nilipanda kangaga. Nilikulia ukimbizini Tanzania, kando ya kinamasi kilichojaa kangaga. Mama alijua tulikotoka kucheza kwa lile vumbi la kahawia la majani hayo kwenye nguo zetu. Niliporudi Rwanda na mvi zangu, nilitaka kona moja ya namna ile.

Katika umuganda uliopita, ile Jumamosi ya kazi za pamoja, majirani waliamua kumsaidia mzee mwenye goti bovu. Walinifyekea bonde lote, na kangaga zangu pia. Aliyewaongoza ni Mama Divine, jirani yangu anayeuza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, mjini. Alifyeka huku akiimba.

Nami niliwashukuru. Nikawapikia na chai.

Nimejiuliza sana kwa nini nilinyamaza. Nadhani maisha ya ugenini yalinizoesha kutanguliza asante, hata mtu anapokanyaga kilicho changu.

Asubuhi hii nimeshuka na fimbo. Shina la kangaga hutambaa chini ya tope, panga halikulifikia. Machipukizi yametoka, yamejikunja kama mikia ya vinyonga.

Mara Mama Divine akaita kutoka uani kwake: "Muzee! Ile majani iko inarudi! Ngoja nilete panga."

Nikainua fimbo kumzuia.

"Acha, mwanangu. Hayo ni yangu. Niliyapanda."

"Ulipanda? Mutu anapanda majani ya kinamasi?" Akanikazia macho. "Na ulitupa chai!"

"Niliwapa."

"Na sukari mingi! Mi nikasema, muzee leo amefurahi. Kumbe iko analia ndani!"

Alicheka mpaka akashikilia ua. Kisha akauliza ni dawa ya nini. Nikamwambia si dawa, na hata mbuzi hawayataki. Ni ya kutazama tu.

"Bon." Akararua upindo wa kitenge chake kilichochakaa, akaufunga kwenye kijiti, akaja kukichomeka topeni. "Umuganda ijayo nitasimama hapa. Mutu akigusa, nitamupiga na beseni ya sambaza."

Sasa nimeketi barazani, goti linauma, nami natabasamu peke yangu. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo? Ni mara ngapi nyingine nimesema asante nilipotaka kusema hapana?