Ratili Saba Zilizopungua

Mlandege, Iringa
9 Agosti 1954

Kwa mpwa wangu Asukile,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu ambaye ghala la tumbaku hapa Iringa halifunguliwi kabla hajafika, na Bwana Shauri mwenyewe, mzungu wa serikali wa wilaya, akipita humuuliza kama mvua itanyesha. Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi la tumbaku. Wewe u hali gani? Migomba huko Rungwe inaendeleaje?

Mama yako Yudith ameniandikia. Anasema waandikishaji wa kazi za migodini walikupandisha kwenye mizani pale Tukuyu, ukapungua ratili saba kwa uzito wanaoutaka, karani akakwambia nenda ukanyonye kwanza, na wenzako wakacheka. Tangu hapo huogi mtoni na vijana, unalima umevaa koti jua likiwaka, chakula unajifungia nacho ndani. Samli unakunywa mpaka unatapika. Halafu umemwambia dada yako Tusajigwe kwamba mwili kama wako hauna kazi duniani, bora ulale usiamke. Kwamba mwanamume ni Mjomba Jailos, aliyebeba mwamba wa dhahabu peke yake huko Johanesbagi.

Neno hilo nimelisoma mara tatu. Nikampa na mwenzangu wa ghalani, Liberatus, anisomee, nikidhani ni macho yangu. Akasema ndivyo lilivyoandikwa, kisha akaniuliza mwamba gani.

Sasa sikiliza. Johanesbagi sijafika. Nilipokuwa na umri wako nilisimama kwenye mizani kama hiyo, mwembamba kukupita. Ili niongeze uzito nilikunywa kibuyu kizima cha togwa asubuhi ile. Foleni ikawa ndefu. Nilipopanda, ratili zilitimia kabisa, lakini karani alikuwa anachonga penseli. Kabla hajaandika, togwa yote ikanishuka miguuni mbele za watu, na ratili zikashuka nayo. Kilichonileta Iringa ni aibu hiyo, si dhahabu. Hata mama yako hajui.

Kwa hiyo mtu unayejipima naye hayupo, nilimtunga mimi. Samli waachie wapishi. Rudi mtoni ukaoge na wenzako.

Nisalimie Yudith na Tusajigwe, na wote wa hapo nyumbani. Barua hii wasomee, wakicheka, wacheke. Nawe nijibu upesi, hata mistari miwili, nijue kwamba umeamka.

Ni mimi mjomba wako,
Jailos