Pazia Nililolikata Kwenye Leso ya Hawa

Garsen, Jumamosi, 17 Novemba 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa, alasiri, imebaki ikidondoka moja moja kutoka kwenye mabati. Nyumba imenyamaza. Mume wangu ameitwa dispensari, mgeni wangu mkubwa amejinyoosha chumbani, na mgeni wangu mdogo yuko barazani. Mimi nimekaa na daftari hili magotini kwa sababu leo nikishika kisu nitajikata.

Jumatatu niliandika humu kwamba sina wasiwasi. Nilikuwa najidanganya.

Acha nieleze tangu mwanzo, ili siku nikija kusoma nisijipendelee.

Niliolewa na Komora miezi saba iliyopita. Yeye ni dresa, mfunga vidonda, hapa dispensari, mtu mpole, wa maneno machache. Kabla yangu alikuwa na mke aitwaye Hawa, mtu wa Ozi, aliyefariki kwa homa. Hawa aliacha mtoto mmoja wa kike, Habona, ambaye sasa ana miaka minane, na tangu msiba huo analelewa Ozi na mama yake Hawa, Bi Mwanaesha. Mimi mume wangu namwita Baba Habona, kama ilivyo desturi. Jina la mtoto nimelitaja kila siku kwa miezi saba, na mtoto mwenyewe sikuwahi kumtia machoni.

Mwanzoni mwa mwezi zikaja salamu. Mafuriko yameingia shamba la mpunga la Bi Mwanaesha, na macho yake yameingia mtoto wa jicho. Hawezi tena kumlea mjukuu. Anataka Habona aje kwa baba yake, asome. Lakini atamleta mwenyewe. Aliyeleta salamu alizisema kama alivyotumwa: "Nitaiona nyumba kwanza. Nikiridhika nitamwacha. Nisiporidhika nitarudi naye."

Baba Habona alijaribu kunituliza. "Usiogope," alisema. "Mama haoni nyuso tena. Siku hizi anaona rangi tu."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Sebule yetu haikuwa na rangi yoyote.

Ni chumba cha hatua nne kwa hatua tatu, katika nyumba ya serikali iliyo nyuma ya dispensari. Kuta zake ni za chokaa, na chokaa yenyewe ilikwisha kugeuka rangi ya majivu. Sakafu ni ya saruji. Mlikuwa na viti viwili na meza, vyote vimepigwa nambari chini, na harufu ya dawa ya kuoshea vidonda ambayo Baba Habona hurudi nayo kwenye shati. Nyumba ya mama yangu kule Ngao ni ya udongo na ina moshi, lakini ukiingia unajua kuna watu. Hii yangu ukiingia unataka kuuliza foleni inaanzia wapi.

Nilidhani ni hali ya nyumba za serikali. Jirani yangu, Mama Jilo, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia enzi za Hawa chumba hiki kilikuwa na mikeka ya rangi na mapazia, na watu walikuwa wakija kuketi hata bila shida. Baada ya mazishi, Baba Habona alivitoa vitu vyote kimoja kimoja, akavitia kashani, kisha akapaka chokaa kila ukuta. Kasha hilo liko chini ya kitanda tunacholalia. Nilikuwa nalifagia vumbi kila wiki bila kujua lina nini.

Baada ya kujua, sikulifagia tena.

Wiki hii nimefanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Jumatatu nilikwenda ukingo wa mto, mahali palipomomoka, nikachimba udongo mwekundu ndoo mbili. Nikaukanda na maji, nikaupaka kwa kiganja kuzunguka sebule nzima, kutoka sakafuni hadi usawa wa goti, na juu yake nikachora mawimbi kwa vidole. Jumanne nilibadilishana kitoweo na Mama Jilo kwa mikeka miwili ya miyaa iliyotiwa rangi ya zambarau na kijani, nikaitandika ikapandana, saruji isionekane. Nikajaza usufi kwenye mito minne. Sahani zangu za bati zenye maua nikazisimamisha kwenye rafu badala ya kuzilaza.

Chumba kikaanza kupumua. Kilichobaki ni dirisha na mlango wa chumba cha kulala, vyote vitupu kabisa.

Jumatano nilikwenda dukani kutafuta kitambaa cha mapazia. Lori halijafika wiki ya tatu, barabara ya Malindi imekuwa tope. Kulikuwa na marekani na kaniki, basi. Nyeupe iliyofifia, na nyeusi. Nilisimama pale nikamwona kichwani Bi Mwanaesha akiingia kwangu na kuona kijivu tu, na mtoto akishikwa mkono kurudishwa mtoni.

Nilirudi nyumbani, nikavuta kasha, nikalifungua.

Sitaandika kwamba niliona tambara la zamani. Juu kabisa kulikuwa na leso nyekundu yenye maua ya manjano, imekunjwa vizuri, na majani makavu ya mrehani katikati. Ilikuwa imeandikwa WEMA HAUOZI. Kisa chake nilikwisha kuelezwa na Mama Jilo. Baba Habona kwao ni Wema, Hawa kwao ni Ozi, na Baba Habona alipoiona leso hiyo dukani alicheka mpaka mwenye duka akatoka nje: vijiji vyao viwili kwenye methali moja. Akamnunulia Hawa doti nzima, leso mbili za namna moja, kabla hawajaoana.

Kwa hiyo nilijua.

Nilijua, na nikachukua mkasi. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya mtoto, akute kitu cha mama yake ukutani. Hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka leso ile isikae tena chini ya kitanda changu imekunjwa kwa mapenzi namna ile. Nilitaka iwe pazia, kitu cha kawaida, kitu ninachofua mimi.

Kwa kuwa mlango ni mpana na dirisha ni dogo, sikukata katikati. Kipande kikubwa kilibaki na WEMA HAU. Kidogo kikawa na OZI.

Nilivipeleka kwa fundi Salimu, anayeshona kwenye baraza la duka. Aliviunganisha vipande viwili kwenye meza, akavisoma, akavitenganisha tena. "Dada, hii ni leso ya mtu," alisema.

"Ni yangu," nikamjibu.

Akashona. Cha mlangoni kilikuwa kifupi, akaongeza marekani chini.

Alhamisi Baba Habona aliporudi kazini mapazia yalikuwa yametundikwa. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Nilingoja aseme neno, lolote, hata la ukali. Alitoka akaenda kukaa barazani mpaka chakula kikapoa. Jana vilevile alikula, akashukuru, akatoka. Nimeolewa na mtu ambaye siwezi kujua amekasirika au anaomboleza, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Leo asubuhi tulikwenda sote wawili ghatini kuwapokea. Walikuwa wamelala Wema, na mtumbwi ulifika mapema ingawa maji yamejaa. Wa kwanza nilimwona mpiga pondo aliyesukuma mtumbwi, kisha mtoto aliyejifunika gunia kichwani. Kisha Bi Mwanaesha akainuka, akashikwa mkono kushuka.

Alikuwa amejitanda leso nyekundu yenye maua ya manjano.

Ile ya pili ya doti. Sikuwahi hata kujiuliza iko wapi.

Kutoka ghatini hadi nyumbani si mbali, lakini leo niliifanyia njia ile hesabu zote za dunia. Niseme nimesahau sufuria jikoni, nikimbie, nishushe mapazia niyafiche? Baba Habona alikuwa mbele na mzigo. Bi Mwanaesha alikuwa amenishika mkono, mkono wa mtu mzima, mkavu na wenye nguvu, na kila nilipoharakisha alinivuta nyuma. "Polepole, mwanangu. Tope hili silioni."

Tuliingia. Alisimama katikati ya sebule akageuza uso huku na huku.

"Pana nyekundu hapo chini," alisema. "Na zambarau kwenye mkeka. Pamechangamka."

Kwa dakika moja nilifurahi kama mwanafunzi. Kisha akasogea kuelekea chumbani, na mkono wake ukagusa pazia la mlango. Vidole vikashuka na pindo mpaka vikakuta marekani. Vikasimama. Akachukua ncha ya leso aliyojitanda, akasugua nguo mbili pamoja kati ya vidole.

"Nani amekata hii?"

Nilimwona Baba Habona akifungua mdomo, na nikajua anataka kulibeba kosa yeye. Nikamtangulia. "Ni mimi, Mama."

"Ulijua ni ya nani?"

"Nilijua."

"Ulikosa kitambaa kingine?"

"Dukani hapakuwa na kitu cha rangi. Lakini si hilo tu, Mama. Nilichoka kulala juu ya kasha lililofungwa."

Aliketi mkekani, si kitini, akanyoosha miguu. Mtoto alikuwa bado amesimama mlangoni na gunia lake.

"Hawa alinipa mimi moja, akabaki na moja," alisema hatimaye. Alikuwa akisema na chumba kizima. "Alisema, kila tukikutana tutakuwa doti."

Baba Habona alichuchumaa mbele yake. "Mama, mimi ndiye niliyeifungia kashani. Ingeliwa na mchwa mle."

"Wewe nyamaza, Komora. Na wewe una lako." Kisha akanigeukia, ingawa macho yake yalipita pembeni yangu. "Sitakuambia nimesamehe. Nimetoka safari. Nipe maji."

Nilimpa maji. Nilimwaga nusu njiani.

Tulikula. Wali ulikuwa umeshika chungu, na hakuna aliyelitaja hilo. Baada ya chakula Bi Mwanaesha alifunga macho pale pale alipoketi, na Habona akaanza kukizunguka chumba. Aliweka kidole kwenye mawimbi ya udongo akayafuata ukuta mzima. Alibonyeza mto. Alipofika dirishani alikishika kile kipande kidogo cha leso akakinusa.

"Hii ya mama," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo."

"Hapa pameandikwaje?"

"Ozi."

"Ozi kwetu?"

"Ozi kwenu."

Nilimwonyesha herufi moja moja, akazifuata kwa kidole: duara, kisha ile yenye kona, kisha kijiti. Akarudia, akarudia tena. Mara ya nne hakunihitaji. Halafu akaniuliza kwa nini nimeiweka Ozi dirishani, na mimi, niliyekuwa na uongo mwingi tayari wiki hii, nikamwambia ukweli: "Kwa sababu dirisha ni dogo." Akatikisa kichwa, kama kwamba hilo ni jibu tosha.

Bi Mwanaesha hakuwa amelala. Bila kufungua macho alimwambia Baba Habona, "Huyo mpiga pondo mwambie aningoje Jumatatu."

Baba Habona akauliza kwa sauti ndogo, "Atachukua wangapi?"

Nilikuwa nimeshika sahani tatu. Niliziweka chini.

"Mmoja," alisema Bi Mwanaesha. "Mtoto nimemleta kwa baba yake. Hasira nitaondoka nayo mimi, mtoto simwachii." Akanyoosha mkono ainuliwe, akaniita mimi, si mkwewe, nikampeleka kitandani. Alipopita kwenye pazia alilisogeza kwa mgongo wa mkono, taratibu, lisikwaruzwe na bangili.

Alipolala nilitoka nyuma ya nyumba nikalia. Baba Habona alinifuata. Alisema kwamba Alhamisi, alipoona mapazia, alitaka kuniambia kitu, na mpaka sasa hajui ni kitu gani. Kwamba chokaa ile aliipaka peke yake siku mbili mfululizo na tangu hapo hajapenda kukaa sebuleni. Kisha wakamwita, kuna mtu ameumwa na nyoka kule malishoni, akaenda.

Ndivyo ilivyo. Nilichokiomba nimepewa. Mpaka leo asubuhi nilikuwa naogopa mtoto atarudishwa. Sasa naogopa kwamba atakaa. Sijui hulala upande gani, anaogopa nini, nywele zake zinasukwa vipi asiumie. Mchana kutwa hajaniita jina lolote. Nami sitamwomba aniite mama. Kesho na keshokutwa, kabla mtumbwi haujaondoka, nitakaa na Bi Mwanaesha nimwulize habari za Hawa, zote atakazotaka kunipa, hata zile zitakazoniuma. Nimeishi na jina lake miezi saba bila kumuuliza mtu yeyote alikuwa mtu wa namna gani.

Je, atakubali kuniambia?

Mtoto amechungulia mlangoni sasa hivi, ananiangalia nikiandika. Ameniambia, kwa heshima kabisa, kama mpangaji:

"Mwenye nyumba, maziwa yanamwagika jikoni."

Naenda.