Jina Alilolitaja Baba

Kijiji cha Đông Lạc,
3 Septemba

Mdogo wangu mpendwa Khiêm,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta huko Japani u mzima, na kwamba kile kikohozi cha kiwandani kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mpunga umeanza kutoa masuke, na Shangazi bado analalamika magoti.

Siku ya arobaini na tisa tangu Baba afariki, ya kumfanyia ibada na karamu, tuliitimiza juzi. Wenzake wa jeshini walikuja wanane, wamevaa nishani zao. Walikula, wakaanza wimbo, wakauacha katikati. Mzee Toản alisema kikosi kizima hakikuwa na mwingine aliyeweza kushona kifungo gizani. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nahesabu bakuli, na nilipopata idadi nikaendelea kuhesabu.

Bado sijalia. Nafua, napika, nalala. Majirani wanadhani nina moyo mgumu, nami siwakatalii.

Ninayoyakumbuka ni madogo madogo. Mama alipofariki, wewe ukiwa na miaka miwili na mimi saba, Baba alijifunza kusuka nywele kwa kufanyia mazoezi mkia wa nyati wetu wa kulimia. Alinipeleka shuleni nywele zimekazwa hadi nyusi zimepanda juu, mwalimu akauliza ni nini kimenishtua. Shangazi alipomletea habari za mjane mmoja mzuri, Baba alimjibu kwamba nyumba imejaa. Tulikuwa watatu tu. Habari za vita hakutusimulia, nasi hatukumwuliza.

Bibi Nhạn wa ng'ambo ya mfereji unamkumbuka. Mwanawe, Nhuận, alikwenda vitani Kambodia pamoja na Baba na hakurudi. Kila mwaka kabla ya mvua Baba alikwenda kumtengenezea paa. Alikuwa amemwambia kwamba Nhuận alipigwa risasi akafa papo hapo, hakuumia.

Sasa, Khiêm, lipo jambo nililoshindwa kulisema kwenye simu. Nilikuambia Baba alikata roho akilitaja jina lako. Nilikudanganya, kwa sababu ulikuwa unalia na kiwandani walikunyima ruhusa ya kuja. Hakulitaja jina lako wala langu. Mchana ule nilikuwa namlisha uji, akanishika mkono, akaniita Nhuận. Akauliza, "Ulinisubiri sana?"

Kisha akaeleza, polepole, kana kwamba anaomba radhi kwa kuchelewa. Nhuận alivunjika mguu. Baba alimbeba tangu alfajiri, akaishiwa nguvu, akamlaza kichakani na kumwahidi kwamba atarudi na watu. Alipofika kambini aliogopa. Akasema Nhuận amekufa. Hakurudi.

Nikamjibu kama Nhuận. Nilisema, "Sikusubiri sana. Nenda nyumbani kwa watoto wako." Akaniachia mkono. Hakusema neno tena hadi alipokata roho.

Kwa wiki saba nimekaa na hilo. Nani alinipa ruhusa ya kusamehe kwa niaba ya mtu ambaye sikuwahi kumwona? Jana nikavuka mfereji, nikamwambia Bibi Nhạn yote. Alikuwa anamenya maharage na hakuacha kumenya. Aliuliza Baba alikuwa na umri gani wakati ule. Nikamwambia kumi na tisa. Akanitaka nirudie nilivyomjibu, nikarudia. Akatikisa kichwa.

"Nhuận wangu asingesema hivyo," alisema. "Yule ana mdomo mchafu. Angemtukana kwanza, tena matusi ya kweli."

Alimenya mengine mengi. Nilidhani amemaliza nami, nikainuka.

"Halafu angemwambia aende," alisema. "Kaa basi. Haya maharage hayajimenyi."

Nikakaa. Tukamenya hadi sufuria ikajaa.

Nisamehe kwa uongo wangu wa kwenye simu. Siku ile hakulitaja jina lako, lakini siku nyingine zote alilitaja, hata alipotaka kuniita mimi.

Shangazi anakusalimu, na anasema uvae soksi mbili mbili. Wasalimie wenzako wa bwenini. Ukipata nafasi niandikie, hata mistari michache.

Ni mimi dada yako,
Thơm