Sanduku Nililokatazwa Kufungua

Baba yangu mpendwa,

Leo nina hasira, na mtu wa kumwambia ni wewe tu, hata kama ulishatutoka.

Unakumbuka mashine yako ya kusaga hapa Uriri? Nilikuwa darasa la sita uliponikabidhi injini ya dizeli, Mama akilalamika kwamba sare yangu inanuka oili. Ulinipa spana ukasema, "Nyathina, mwanangu, fungua. Ukiharibu, tutatengeneza." Niliharibu mara nyingi, nawe kila mara ulicheka kwanza, ndipo ukainama kunionyesha.

Kisha ikaja miradi ya jua. Tuliambiwa dizeli inachafua hewa na kazi za kijani ndizo za kesho. Niliamini, na bado naamini. Nikasoma wiki sita, nikapewa cheti na koti linalong'aa. Injini yako nikawauzia wachimbaji wa dhahabu wa Osiri, iwapondee mawe. Unisamehe kwa hilo. Mashine ya jua, mali ya kampuni ya mradi, ikasimikwa palepale ilipokuwa yako.

Sasa ni wiki ya tatu haisagi. Nimepima: umeme wa paneli unaingia kwenye sanduku la kuongozea mota, lakini hautoki. Nikaipigia kampuni, Nairobi.

"Madam, usifungue. Iko na sili ya kampuni. Fundi wetu atakuja, gari ikipatikana."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni wa kuripoti tu."

Wa kuripoti! Wiki sita nzima, kumbe nilikuwa nafundishwa kupiga simu. Akina mama wanapita hapa na mahindi kichwani, wanaenda kusaga mbali, tena kwa dizeli. Jana mmoja wao, Min Atieno, alisimama mlangoni akaniuliza, "Si wewe ulisomea hii kitu? Ama ulisomea koti?"

Niliona aibu mpaka chakula cha jioni kikanishinda.

Leo asubuhi nimezima swichi ya paneli, nikakata sili. Waya mmoja ulikuwa umelegea, ncha imeungua. Nimekata ncha hiyo, nimeukaza waya upya, na kabla ya chai ya saa nne mashine ilikuwa inasaga.

Mchana watu wa kampuni wamepiga simu. Wameona kwenye kompyuta yao kwamba sanduku limefunguliwa, kwa hiyo kesho wanakuja kung'oa mashine yote.

Gari la kuja kutengeneza lilikosekana wiki tatu. La kuja kung'oa limepatikana siku moja.

Ninasaga mpaka wafike. Pumzika, Baba.

Binti yako, fundi