Maadili ya Mjomba Yaliishia Darasani

Jumanne, jioni. Jua limewaka tangu asubuhi, siku njema ya kuanika mwani, nami nimekasirika hata chai imenishinda.

Mjomba wangu amefundisha falsafa chuo kikuu miaka mingi. Nilikaa darasani kwake, nikamsikia akisema mtu si ngazi ya mwenzake kupandia. Niliyaamini maneno yale kwa moyo wote. Alipostaafu akarudi kijijini kwetu, jirani na Mlingotini, tukamchagua mwenyekiti kwa shangwe. Tulisema sasa tumepata mtu wa haki.

Leo mkutanoni ametangaza kwamba ufukwe wanakoanika mwani akina mama atapewa mwekezaji wa hoteli. Wenyewe hawakuulizwa. Vichanja vyao viondolewe kabla mwezi haujaandama. Mama yangu ana kichanja pale, naye ni dada yake wa tumbo moja!

"Wengi watanufaika," akasema. "Wachache wavumilie."

Nikasimama. Kwanza ikabidi nimwamkie, maana mjomba hasemeshwi hivi hivi hata kama unatokota.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Watu wakacheka, yeye akatabasamu, na hasira yangu ikaonekana deko la mtoto. Nikamuuliza yale ya ngazi yamekwenda wapi.

"Yale ni maadili, mwanangu. Hii ni siasa. Usichanganye mambo."

Usichanganye!

Mama akanivuta kanga, nikakaa. Nimechukia kukaa kule.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nimekuwa nikibishana na Mjomba kichwani. Kumheshimu mtu ambaye huna nguvu juu yake kuna ugumu gani? Maadili yanatakiwa siku ile unaposhika muhuri, na riziki ya mwenzako iko chini ya mkono wako. Kama siku hiyo unayavua mlangoni pamoja na viatu, basi uliyafundisha kwa ajili ya nini?

Wala hajala rushwa, namjua. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Anaamini kabisa anachokisema, na usiku atalala usingizi wake.

Kesho anakuja kula kwetu, kama kawaida yake. Mama amenionya nisimwaibishe kaka yake. Sawa. Nitamwamkia, nitamnawisha mikono, nitampakulia. Halafu nitamwomba amtazame dada yake usoni, amwambie kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye wachache.